MPAKA WA ZAMU: Habari za Saa za Kazi Tangu Zamani Hata Leo



Ni desturi ya kijitabu chetu cha mwaka kwamba, baada ya taarifa ya Katibu na hesabu za Mweka Hazina, hutiwa habari moja ya mambo ya kale ili wasomaji wasichoke kwa tarakimu peke yake. Mwaka huu Halmashauri imeniamuru niandike juu ya saa za kazi. Sikuchagua jambo hili mimi. Lilichaguliwa na maneno yaliyotokea katika kikao cha mwezi wa Aprili, na kwa kuwa wanachama wengi hawakuhudhuria siku ile, yafaa niyaeleze kwanza.

Alikuja mbele ya Halmashauri mwanachama mmoja, kijana wa makamo, kuomba msaada wa matibabu katika Mfuko wetu. Kwa muda wa miaka minne alikuwa bawabu wa usiku katika ghala moja la mtu binafsi. Aliingia saa kumi na mbili ya jioni, akatoka saa kumi na mbili ya asubuhi, usiku saba kwa wiki, pasipo usiku wa kupumzika ila alipougua. Mwezi wa Novemba uliopita mwili ulimshinda akaacha kazi. Mzee mmoja akasema, "Huyu hakuja kuomba sadaka, ila hajui. Ana haki yake iliyobaki kwa tajiri." Mzee mwingine, naye ni mtu aliyelinda mali za watu kwa miaka mingi kuliko umri wa kijana mwenyewe, akajibu kwamba saa kumi na mbili ndiyo zamu ya ulinzi tangu enzi na enzi, na aliyekubali kazi amekubali na saa zake. Wote wawili walisemea kwa moyo safi. Kikao kikavunjika bila uamuzi, na msaada wa dawa ukatolewa shilingi chache tu.

Basi swali ninalojaribu kulijibu ni hili: je, ni kweli kwamba zamu ya saa kumi na mbili haina mwanzo, kama jua lisivyo na mwanzo?

Kwetu sisi wasemaji wa Kiswahili ni rahisi kuliamini jambo hilo, maana saa yetu yenyewe inaanza kuhesabiwa alfajiri na kuishia magharibi. Mchana una saa kumi na mbili na usiku una saa kumi na mbili, kana kwamba Mwenyezi Mungu ameikata siku vipande viwili ili mtu mmoja ashike kipande hiki na mwenziwe kile. Walakini babu zetu hawakufanya kazi kwa kipimo hicho. Mkulima aliingia shamba alfajiri, na jua lilipokuwa kali alijiegemeza chini ya mwembe. Mvuvi alifuata maji kujaa na kupwa, wala bahari haina ovataimu. Hata neno kibarua, tunalolitumia kila siku, asili yake ni barua ndogo, yaani cheti alichopewa mtu wa kazi ya siku moja. Lilikuwa neno la siku, halikuwa la saa. Na wale waliokuwa chini ya utumwa katika mashamba ya pwani hawakuwa na sheria ya kuwapimia, ila desturi na huruma ya bwana, au ukali wake. Utumwa ulipoondolewa katika sheria, kule Unguja mwaka 1897 na hapa pwani ya Kenya mwaka 1907, watu wengi walianza kuuza kazi yao kwa siku, nao wakaishikilia sana haki moja: ya kutokwenda kazini siku wasiyotaka.

Serikali ya kikoloni ilipoweka sheria zake za kazi, haikuzitia saa moyoni. Sheria ya Mabwana na Watumishi ya mwaka 1906, na ile iliyofuata ya mwaka 1910, zilishughulika zaidi na mtumishi atorokaye, avunjaye mkataba au azembeaye, nazo zilimwadhibu kwa faini na kifungo. Baadaye kikaja kipande, ambacho sheria yake ilipitishwa mwaka 1915 na kutumika kwa nguvu baada ya vita ya kwanza ya dunia; wazee wengine hapa waliwaona baba zao wamekivaa shingoni ndani ya kibweta cha bati. Katika mashamba ya Bara kulikuwa na tikiti ya siku thelathini, ambazo mtu aliweza kuzimaliza katika muda wa siku arobaini na mbili. Angalieni kipimo kilikuwa nini. Tikiti ilihesabu siku. Ikiwa siku hiyo ilianza na umande na kuishia na kiza, ilihesabiwa moja. Na ikiwa mnyapara hakuridhika na kazi, huenda haikuhesabiwa kabisa. Saa hazikuwa na mahali pa kuandikwa.

Lakini huko huko Uingereza, nchi iliyotuletea sheria hizi, vita ya saa za kazi ilikuwa imekwisha kupiganwa kwa zaidi ya miaka sabini. Habari hii napenda kuikalia kidogo, kwa sababu ndani yake mna jambo linalomhusu bawabu wetu.

Katika karne ya kumi na tisa Uingereza ilijaa vinu vya kusokota pamba na sufu vilivyoendeshwa kwa mvuke. Mashine haichoki, na mwenye mashine alitaka mtu naye asichoke. Watoto walifanya kazi saa nyingi kama watu wazima. Mwaka 1833 Bunge likapitisha sheria ya kwanza yenye meno: mtoto wa miaka tisa hata kumi na mitatu asizidi saa 48 kwa wiki, na kijana wa miaka kumi na mitatu hata kumi na minane asizidi saa 69. Zilikuwako sheria nyingine kabla yake, lakini zilikaa kama kanzu iliyotundikwa ukutani, hakuna aliyeivaa. Tofauti ya sheria hii ni kwamba iliweka wakaguzi wa serikali. Walikuwa wanne tu kwa nchi nzima. Wanne ni wachache mno, nanyi mtacheka. Hata hivyo walikuwa na ruhusa ya kuingia kinuni na kuuliza, na taarifa zao zilisomwa Bungeni.

Mwaka 1844 sheria ikawaingiza wanawake nao chini ya mpaka wa saa kumi na mbili. Katika sheria hiyo mna kifungu kimoja nilichokipenda nilipokisoma mara ya kwanza. Wenye vinu walikuwa na saa zao za ukutani ndani ya kinu, na saa hizo zilikuwa na ugonjwa wa ajabu: asubuhi zilikwenda mbele, jioni zikarudi nyuma. Mfanya kazi hakuwa na saa ya mkononi ya kumpinga tajiri. Basi sheria ikaamuru kwamba mwanzo na mwisho wa kazi ufuate saa ya hadharani inayoonekana na watu wote, kwa mfano saa ya stesheni ya reli iliyo karibu. Yaani Bunge lilitambua ya kuwa haitoshi kumwambia mtu asizidi saa fulani, ikiwa mwenye kuhesabu saa hizo ni tajiri peke yake.

Halafu ikaja Sheria ya Saa Kumi, mwaka 1847, baada ya watu kama Richard Oastler, Lord Ashley na John Fielden kupiga kelele kwa miaka mingi. Fielden mwenyewe alikuwa mwenye vinu, jambo linaloonyesha kuwa si kila tajiri alikuwa upande mmoja. Kwa sheria hii wanawake na vijana wasingezidi saa 63 kwa wiki, na tangu tarehe 1 Mei 1848 wasingezidi saa 58. Wanaume hawakutajwa, walakini wanawake na vijana wakiondoka kinuni, mwanamume mmoja mmoja hawezi kuendesha mashine peke yake, kwa hiyo iliaminika kwamba na yeye ataondoka.

Hapo ndipo akili ya tajiri ilipofanya kazi. Wengine wakaanza kuwagawa watu kwa zamu za vipande vipande. Mwanamke huyu aliingizwa saa kumi na mbili asubuhi, akatolewa nje saa tatu, akaitwa tena saa sita, akatolewa tena, akarudishwa jioni. Mwenziwe akazungushwa kwa saa nyingine. Kila mmoja kwa hesabu ya karatasi alikuwa amefanya saa kumi tu. Lakini siku yake nzima ilikuwa ya kinu, maana saa zile za katikati hakuweza kwenda nyumbani kupika wala kulala. Na mkaguzi akiingia angejuaje nani ameanza lini, katika watu mia tano? Kesi ikapelekwa mbele ya majaji, na mwaka 1850 majaji wakaamua kwamba maneno ya sheria hayakukataza jambo hilo. Sheria iliyopiganiwa kwa miaka mingi ikapasuka mikononi.

Bunge likairekebisha mwaka ule ule wa 1850, kwa masikilizano ambayo wengi waliyalaani. Kazi ilitakiwa ianze saa kumi na mbili asubuhi na kuisha saa kumi na mbili jioni, au saa moja hata saa moja wakati wa baridi, pamoja na saa moja na nusu ya chakula. Na Jumamosi kazi ikome saa nane mchana. Ukijumlisha, zilikuwa saa 60 kwa wiki badala ya 58. Wafanya kazi wakapoteza saa mbili kila wiki, wakapata mwanzo na mwisho unaoonekana. Mimi nionavyo, walipata zaidi ya walichopoteza. Saa mbili ni hasara. Lakini mtu asiyejua siku yake inakwisha lini amepoteza siku yote.

Wanaume wazima walibaki bila sheria kwa muda mrefu, wakaambiwa wao ni watu huru wanaoweza kupatana na tajiri wenyewe. Maneno hayo yanafanana sana na yale ya mzee wetu wa mwezi wa Aprili.

Sasa tuitazame ile hesabu ya saa kumi na mbili yenyewe. Katika kazi isiyolala, kama tanuri, hospitali, bandari au ulinzi, saa ishirini na nne lazima zigawanywe. Ukizigawa kwa watu wawili, kila mmoja ana kumi na mbili. Ukizigawa kwa watatu, kila mmoja ana nane. Hakuna siri nyingine. Zamu ya saa kumi na mbili haikutoka kwenye jua wala kwenye desturi ya ulinzi; ilitoka kwenye hamu ya kulipa watu wawili badala ya watatu.

Jambo hili lilidhihirika London mwaka 1889. Wachochea matanuri ya gesi katika mitaa ya mashariki walikuwa wakifanya zamu ya saa kumi na mbili mbele ya moto na makaa. Mwezi wa Machi mwaka huo wakaunda chama chao, kiongozi wao akiwa Will Thorne, ambaye tangu utotoni alifanya kazi wala hakupata shule; Eleanor Marx alimsaidia baadaye kusoma na kuandika vizuri. Hawakuomba nyongeza ya mshahara kwanza. Waliomba zamu mbili ziwe tatu. Makampuni yaliyosema kwamba jambo hilo haliwezekani, yakaona umoja wa watu, yakakubali kabla mgomo haujapigwa. Katika muda wa miezi michache zamu ya saa kumi na mbili ikawa saa nane, na gesi ikaendelea kuwaka London kama kawaida. Miezi michache tu baada ya hapo wapakuzi wa bandari ya London nao wakagoma, mwezi wa Agosti, na habari zao ni mashuhuri. Ila watu husahau kwamba mlango ulifunguliwa na wale wa gesi.

Mwaka 1919, baada ya vita ya kwanza ya dunia, mataifa yalikutana mjini Washington, na Shirika la Kazi la Kimataifa likatoa mkataba wake wa kwanza kabisa. Haukuwa mkataba wa mshahara, wala wa magonjwa, wala wa bima. Ulikuwa wa saa: viwandani mtu asizidi saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki. Wakoloni walijiwekea vichochoro. Kwa Bara Hindi iliandikwa saa 60 badala ya 48. Na kwa makoloni mengine iliachwa kila dola iamue yenyewe kama itautumia mkataba huo. Uingereza haikuuthibitisha mkataba huo hata kwa watu wake, licha ya kwa Kenya. Kwa hiyo mwaka ule ule ambao dunia iliandika saa nane kwenye karatasi, baba zetu walikuwa wakivishwa kipande.

Hapa Kenya saa nane ilidaiwa kwa nguvu mara ya kwanza na mafundi wa Nairobi. Mwaka 1935 Makhan Singh, kijana aliyezaliwa Punjab mwaka 1913 na kuja Kenya mwaka 1927, mwana wa mwenye mtambo wa kupiga chapa, alishika kazi ya katibu wa chama cha wafanya kazi kilichokuwa cha Wahindi. Chini yake kikageuzwa Chama cha Wafanya Kazi cha Kenya na kufunguliwa kwa watu wa kila rangi, jambo lililokuwa geni kabisa siku zile, ambapo hata choo cha stesheni kilikuwa na rangi yake. Mwaka 1936 chama kikatangaza kwamba tangu tarehe 1 Oktoba siku ya kazi iwe saa nane, na matajiri wengi wa ujenzi na useremala wakaifuata. Mwaka uliofuata palitokea mgomo wa siku 62 mjini Nairobi, na ulipokwisha mafundi walipata nyongeza ya asilimia 15 hata 22, na saa nane ikathibitishwa. Wengi wao walikuwa mafundi wa Kihindi, na Mwafrika aliyechanganya saruji yao hakufaidika sana. Hilo lisifichwe. Lakini tangu hapo hakuna aliyeweza kusema kwamba saa nane haiwezekani Afrika ya Mashariki. Makhan Singh mwenyewe alikamatwa mwezi wa Mei 1950, akawekwa kizuizini hata mwezi wa Oktoba 1961.

Mombasa mambo yalikwenda kwa njia yake. Wapakuzi wa gatini walikuwa vibarua wa siku, na kibarua alikuwa bwana wa siku zake: wengi hawakuenda kazini kila siku, walikwenda walipohitaji fedha, na siku nyingine walikaa makwao au mashambani. Wakubwa wa bandari walililia sana jambo hili, wakaliita uvivu. Kwa kweli palipokosekana sheria ya saa, hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya kibarua mwenyewe. Hakuweza kupunguza urefu wa zamu, aliweza kupunguza idadi ya zamu. Ilikuja migomo ya mwezi wa Julai na Agosti 1939, kisha mgomo mkuu ulioanza tarehe 13 Januari 1947, ambao watu wapatao 15,000 waliacha kazi kwa siku kumi na mbili hivi. Mikutano ilifanywa katika uwanja ulioitwa Kiwanja cha Maskini, na Chege Kibachia akawa sauti ya Shirikisho la Wafanya Kazi wa Kiafrika lililozaliwa humo. Swali kubwa lilikuwa mshahara na nyumba, si saa. Lakini kati ya waliogoma walikuwamo maboi na wapishi wa nyumbani. Mtu wa gatini alijua zamu yake inakwisha. Boi wa nyumbani aliamka kabla ya bwana na kulala baada ya bwana, na kengele iliweza kumwita katikati. Kugoma kwao kulikuwa ndiyo saa ya kwanza ya mapumziko waliyojichagulia wenyewe. Kibachia alikamatwa mwezi wa Agosti mwaka huo, akapelekwa Kabarnet, akakaa huko miaka kumi hivi.

Mambo ya baadaye nitayapitia upesi, kwa kuwa wengi wenu mliyaona. Sheria ya mwaka 1951 ya kusimamia mishahara na masharti ya kazi iliweka mabaraza ya mishahara, na kupitia humo saa zikaanza kuandikwa kwa maagizo ya serikali. Mwaka 1955 wapakuzi wa Mombasa waligoma tena, na Tom Mboya akawasemea mbele ya upatanishi, wakapata nyongeza ya asilimia 33. Mwaka 1962, mwezi wa Oktoba, ulitiwa sahihi Mkataba wa Uhusiano wa Viwanda kati ya serikali, waajiri na vyama. Mwaka 1964 ikasimama Mahakama ya Viwanda, rais wake wa kwanza akiwa Bwana Saeed Cockar. Nayo tangu mwaka 2011 imekuwa na cheo sawa na Mahakama Kuu, na sasa yaitwa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.

Sasa tufike kwa bawabu wetu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 haitaji idadi ya saa. Yasema mwajiri aziratibu saa za kazi kwa kufuata sheria, na kwamba kila mfanya kazi ana haki ya siku moja ya kupumzika, angalau, katika kila siku saba. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanya kazi haki ya masharti ya kazi yanayofaa. Lakini tarakimu zenyewe zimo katika Agizo la Jumla la Mishahara la mwaka 1982, waraka ambao watu wachache sana wameuona. Agizo hilo lasema wiki ya kawaida ni saa 52 katika siku sita, na kwa kazi ya usiku ni saa 60. Zinazozidi hulipwa mara moja na nusu. Na kazi ya siku ya mapumziko au ya sikukuu hulipwa mara mbili. Kisha likaweka ukuta: saa za kawaida na za ziada, zikijumlishwa, zisizidi 116 katika wiki mbili mfululizo, na kwa kazi ya usiku zisizidi 144. (Mabawabu walioajiriwa na makampuni ya ulinzi wana agizo lao la mwaka 1998, nalo halihusu shauri hili.)

Mchukue penseli, wazee wangu. Usiku sita wa saa kumi na mbili ni saa 72. Wiki mbili ni 144. Mnaona? Ukuta wa sheria umejengwa mahali pale pale zamu ya saa kumi na mbili inapokanyaga, wala hakuna nafasi ya kupitisha unyoya. Hapo mzee wetu wa pili ana sehemu ya kweli: zamu ya saa kumi na mbili kwa usiku sita haikukatazwa. Lakini hata hiyo, saa 12 za juu ya 60 ni za mara moja na nusu. Na usiku wa saba umekatazwa mara mbili, na siku ya mapumziko na huo ukuta wa 144, kwa maana usiku saba ni saa 168 katika wiki mbili. Kukubali kwa kijana hakuwezi kuuhalalisha. Wanawake wa vinu vya Uingereza nao walikubali.

Kadiri ya malipo ni hii. Kwa Agizo lile lile, mshahara wa mwezi hugawanywa kwa 225 ili kupata thamani ya saa moja. Kila wiki bawabu wetu alistahili, kwa saa 12 za ziada, malipo ya saa 18. Na kwa saa 12 za usiku wa mapumziko, malipo ya saa 24. Jumla saa 42. Kwa wiki nne ni saa 168, nazo ukizigawa kwa 225 ni karibu robo tatu ya mshahara mwingine. Alilipwa mshahara mmoja tu. Huyu ndiye tuliyempa shilingi chache za dawa, tukajiona wakarimu.

Yako mashaka mawili. La kwanza ni ushahidi. Sheria inamtaka mwajiri aweke maandishi ya masharti ya kazi, pamoja na saa, na akishindwa kuyaonyesha mahakamani mzigo wa kuthibitisha humwangukia yeye. Hata hivyo mara nyingi mahakama zimekataa madai ya ovataimu yasiyoonyesha siku wala saa, yaliyosema tu kwamba mtu alichoka sana. Ni yale yale ya saa ya stesheni: lazima iwepo saa ambayo si ya tajiri peke yake. Kwa bahati kijana huyu alikuwa na daftari la kuandikia magari yaliyoingia na kutoka ghalani, naye kila jioni na kila asubuhi alitia sahihi yake na saa. Madaftari manne yalijaa. Matatu yalibaki ghalani. La mwisho alikuwa nalo nyumbani, la jalada la buluu, lenye zamu za miezi kumi na mmoja.

Shaka la pili ni muda. Sheria ya Ajira huweka miaka mitatu kwa madai ya kazi, lakini kwa dhara linaloendelea huweka miezi kumi na miwili tangu lilipokoma. Mawakili hubishana ni kipimo kipi kinachofaa ovataimu isiyolipwa. Mwenye kujihadhari hushika kile kifupi. Aliacha kazi mwezi wa Novemba. Kutoka kikao cha Aprili hata leo Chama kimekwisha kula miezi minne kwa kungojea kikao kingine.

Daftari la buluu liko kwa Katibu, katika kabati la chuma, na nakala ya hesabu yake imetiwa sahihi na wazee wote wawili waliobishana. Barua kwa Afisa wa Kazi imeandikwa wala haijapelekwa, kwa kuwa Kanuni zetu hazimruhusu Katibu kumsemea mwanachama bila idhini ya Mkutano Mkuu. Jambo hilo ni la sita katika ajenda ya Mkutano wa mwezi huu wa Agosti.